Mama Bibiane Nsimire, Aliyeutetea Ukuta wa Wanafunzi

Marehemu Mama Bibiane Nsimire alizaliwa Bukavu tarehe 9 Aprili 1958, mtoto wa nne kati ya saba. Alisoma kwa masista hadi darasa la sita, kisha akajifunza ushonaji.

Mwaka 1979 alifunga ndoa na Bruno Masumbuko, seremala wa Uvira, wakajaliwa Patrick na Léonie. Vita vya 1996 viliwatenganisha njiani wakikimbia, na Bruno hakuonekana tena. Mama alilea watoto peke yake katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, hadi walipopokelewa Sydney, Australia, mwezi Agosti 2010. Hapa alifanya usafi katika shule moja ya Granville mpaka alipostaafu Desemba 2023.

Mwaka huo wanafunzi wa shule hiyo, mjukuu wake Ketsia akiwemo, walikuwa wakichora ukuta wa ukumbi wa jamii, Guildford, kwa mtindo wa sanaa ya jadi ya Meksiko: ndege, maua ya rangi kali, na mafuvu yanayocheka. Waumini wengi wa kanisa letu, linalosali ukumbini humo, walikasirika, wakasema mafuvu ni uchawi. Hata Patrick, mzee wa kanisa na baba yake Ketsia, alitia sahihi barua ya kutaka ukuta ufutwe. Kazi ikasimama. Kwenye kikao cha kujadili barua hiyo, Mama akainuka.

“Patrick, baba yako amezikwa wapi?”

“Sijui, Mama.”

“Hata mimi sijui. Wenzetu wa Meksiko wanawapelekea wafu wao maua. Mimi miaka yote hii sina pa kuweka hata moja. Waache watoto wamalize.”

Patrick aliomba barua, akakata jina lake mbele ya watu wote. Jumamosi iliyofuata Mama mwenyewe alishika brashi, akachora ndege. Ketsia akamuuliza kwa Kiingereza kama yule ni kuku.

“Kanga!” Mama akasema. “Babu yako alikuwa akiwafuga.” Chini yake akaandika: Bruno. Kisha akakaa kwenye ndoo ya rangi, akalia kwa mara ya kwanza mbele ya wanawe.

Februari 2025 figo zake zilianza kushindwa. Alisafishwa damu mara tatu kwa wiki, na hakukubali muuguzi Chebet amguse kabla hajafungwa kilemba vizuri. Aliaga dunia tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Léonie.

Ameacha watoto wawili, mkwe mmoja, wajukuu watano, na dada yake, Mama Faida, aliyeko Bukavu.

Mungu ampumzishe Mama yetu kwa amani.