Mama Hodi na Kigoda cha Alhamisi

Marehemu, ambaye mtaani alijulikana kama Mama Hodi, alizaliwa tarehe 4 Machi 1961 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa kitinda mimba wa fundi saa na mkunga. Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, akaingia chuo cha uuguzi mwaka 1980. Huko wenzake walimtania kwa tabia yake ya kuwasalimia hata wagonjwa waliolala fofofo.

Alikuwa nesi wa afya ya akili, akiwatembelea majumbani watu wanaojiumiza wenyewe. Kila alipofika kwa mgonjwa alibisha hodi mara mbili, akakigeuza kigoda cha barazani kielekee barabarani, kisha akaketi akiupa mlango mgongo, ili aliye ndani apate nafasi ya kufuta machozi na kushusha mikono ya nguo. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza, "Umekula, mwanangu?" Siku moja mvua ilimlowesha chapachapa, dereva wa zahanati akapiga kelele, "Nesi, panda gari, huyo hafungui!" Akamjibu, "Atafungua. Kwani una haraka ya wapi?" Na kweli alifunguliwa.

Mwaka 1987 aliolewa na seremala, aliyezoea kulalamika kwamba mkewe anabisha hodi hata jikoni kwake mwenyewe. Walijaliwa mabinti wawili.

Mwezi wa Februari mwaka huu figo zilimwangusha. Kitandani alisumbuliwa na jambo moja tu: fundi cherehani, mgonjwa wake wa kila Alhamisi, ambaye hakumfungulia mtu mwingine. "Dada, Alhamisi nani ataenda?" alimuuliza dada yake. Dada alimwambia apumzike kwanza.

Alhamisi, tarehe 12 Juni, saa kumi jioni, vidole vyake viligonga ubao wa kitanda mara mbili. Akageukia ukutani, akatutoka.

Saa hiyo fundi cherehani alikuwa amejifungia ndani, amekata tamaa kabisa; ameturuhusu tuyaseme haya. Akasikia hodi, mara mbili. "Nikajua ni yeye. Nikajifuta uso, nikafungua." Barazani hapakuwa na mtu. Kigoda, ambacho hakuna aliyekigusa tangu Februari, kilikuwa kimeelekea barabarani. Akakimbilia kwa jirani, na jirani hakumwacha peke yake. Mume wa marehemu, seremala, anasema ni upepo, ila tangu siku hiyo haketi tena akiupa mlango mgongo.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, dada yake, na fundi cherehani, ambaye familia imeomba aandikwe hapa. Alhamisi ijayo dada ndiye atakayebisha hodi kwake. Mama Hodi apumzike kwa amani; kigoda atuachie sisi.