Ovide Quebedeaux Aiweka Chini Kodiani

Jumamosi hii, tarehe 14 Oktoba 1995, Ovide Quebedeaux anastaafu baada ya kupiga kodiani katika Ukumbi wa Belle Coulée kwa miaka arobaini na mitatu. Hajakosa Jumamosi hata moja isipokuwa za Kwaresima, ambapo dansi husimama. Hata hizo, marehemu mkewe Elda alitusimulia, mumewe alivaa shati lililopigwa pasi akakaa barazani hadi saa kumi na mbili jioni, saa ya dansi kuisha, ndipo akalivua.

Mjomba Ovide, kama tunavyomwita wote, alikoboa mpunga kiwandani siku za wiki. Jumamosi alikuwa wetu. Nyimbo zake ni za kale, za Kifaransa cha wazee wetu, alizorithi kwa baba yake: walsi, mazurka, na nyingine zisizo na jina. Ukimwuliza wimbo unaitwaje, atakujibu, "Cheza kwanza. Jina utaliuliza ukichoka."

Lakini mpiga kodiani hachezi. Kwa miaka thelathini na mmoja alimtazama Elda akizungushwa na waume za watu.

"Mjomba, mkeo tumemchukua," walimtania.

"Mrudisheni saa kumi na mbili. Na msimkanyage."

Elda alifariki mwaka 1983. Jumamosi iliyofuata mazishi, Ovide alipiga kama kawaida, ila alikaa akitazama ukuta.

Akabaki na Dorestan Fruge, mpiga fidla wake tangu ujana. Katika nyimbo zetu kodiani hutangulia, kisha hunyamaza kuipisha fidla, kisha hurudi. Dorestan alipofariki miaka sita iliyopita, tulidhani Ovide angelijaza pengo lile mwenyewe. Hakulijaza. Zamu ya fidla ilipofika, alishusha mikono magotini akasubiri. Ukumbini ikasikika pembetatu ya chuma ninayoigonga mimi, na viatu sakafuni, basi.

Siku hiyo ya kwanza, Zulma Bergeron, mchezaji wetu mkongwe, alimwuliza kutoka kati ya ukumbi, "Ovide, mbona umeacha?"

"Sijaacha. Ni zamu ya Dorestan."

Zulma alimshika mwenzake mkono, wakaendelea. Tangu hapo tumezoea kucheza ndani ya ukimya ule. Wageni kutoka mjini hudhani umeme umekatika.

Mwalimu mmoja kijana, Kirby Latiolais, alijitolea kupiga fidla. Ovide alimpa kahawa na soseji ya wali, akamsikiliza mpaka mwisho. "Unapiga vizuri, mwanangu," alimwambia. "Lakini hicho kiti kina mwenyewe."

Nilikasirika. Nikamwambia, "Mjomba, unawanyima watu muziki."

Akanijibu, "Nikisikia mkono wa mwingine upande huu, Earline, nitajua kweli amekufa."

Mwaka huu vidole vyake vya mkono wa kulia vilianza kumgomea. Jumamosi iliyopita, katikati ya walsi ya baba yake, alinyamaza. Wachezaji wakadhani ni zamu ya Dorestan, wakaendelea. Mimi nilikuwa nahesabu: zamu ikaisha, ikapita nyingine. Nilipomgeukia, alikuwa anakitazama kiganja chake kama kitu alichookota njiani.

"Endelea kugonga," alininong'oneza. "Usiwakatishe."

Nikagonga mpaka walsi ikatimia. Hakuna aliyetoka sakafuni.

Jumatatu alikuja kwangu na barua ya kustaafu, mistari miwili tu, kisha akatoa agizo moja kwa mdomo. Kirby apewe kile kiti. Nilimwuliza kwa nini sasa. Alisema yeye akishaondoka, Dorestan hatakuwa na mtu wa kumsubiri.

Mwisho wa mwezi anahamia mji wa Beaumont kwa bintiye Loretta. Huko ana chumba chenye dirisha kubwa, na wajukuu wanne wanaompenda, lakini lugha yake hawaijui.

Mjomba, asante kwa Jumamosi zote ulizotupa, na kwa zile za Kwaresima ulizokaa barazani. Wenzako wa Belle Coulée tunakutakia afya, usingizi usiokatika, na jirani, hata mmoja tu, wa kukuamkia asubuhi kwa Kifaransa.

Earline Doucet
Mpokea viingilio mlangoni na mgonga pembetatu