Harmen Tiesing na Aproni Nyeusi ya Hasselveen

Marehemu Harmen Tiesing alizaliwa hapa Hasselveen, Drenthe, tarehe 3 Machi 1831, mtoto wa kwanza wa Albert na Hilligje. Hilo mnalijua. Mengine mnadhani mnayajua.

Alisoma kijijini, na mwaka 1849 akaingia shule ya uchoraji Amsterdam. Dada yake Aaltje anakumbuka likizo ya kwanza: alirudi na kidole cha bluu, mama yao akakisugua kwa mchanga akidhani ni ugonjwa.

Alianza kwa kuchora watu wa hapa, wavuna viazi na wachimba udongo unaochomwa kama kuni. Wakati huo hamkumkatalia. Mwaka 1861 alimwomba Geesje, mke wa Roelof mchimbaji, akae mbele ya ukuta mweupe, amevaa aproni nyeusi ya mama yake Harmen.

“We Harmen, hii si ya mjane? Roelof wangu mzima, jana kamaliza sufuria ya viazi peke yake!”

“Ni rangi tu, dada. Inakaa vizuri na ukuta.”

Mji ulikuwa umemsahaulisha kwamba hapa aproni nyeusi huvaliwa na mjane tu. Kabla msimu haujaisha, Roelof aliangukiwa na ukuta wa shimo, akafa. Mkanong'ona kwamba Harmen kamwombolezea mtu kabla hajafa. Na kwa kuwa lisemwalo lipo, hakuna aliyeuliza shimo lilikuwaje. Milango ikafungwa, hata ya nyumba alizokula tangu utotoni.

Ndipo alipohamia The Hague, akaanza kuchora kumbi za matajiri: hariri, mazulia, vikombe vya chai. Magazeti yalisema kapenda anasa. Ninyi mlisema anatuonea haya. Ukweli ni kwamba aliogopa. Kila bibi wa kitajiri aliyekaa mbele yake aliulizwa kwanza, “Nguo hii kwenu huvaliwa nani akifa?” Wakacheka, wakidhani ni mzaha.

Tarehe 12 Mei 1866 alimwoa Cornelia Verschuur, binti wa mwuza vitambaa. Sisi wa familia tulimshuku Cornelia kwa ajili ya glavu zake za kimjini. Lakini ndiye aliyemuuguza kifua mpaka akafariki, tarehe 11 Novemba 1889, akisisitiza azikwe hapa.

Kubeba jeneza ni wajibu wa majirani. Tangu juzi, majirani wote wanaumwa migongo. Jana Geesje alikuja. Aaltje alimpokea mlangoni, wala hakumpa kiti.

“Wanangu watambeba,” alisema Geesje. “Roelof alichimba chini ya ukuta uliolowa, kalewa. Nilijua siku ileile.”

“Ukanyamaza miaka yote hii?”

“Mjane wa mlevi nani angempelekea mkate, Aaltje? Wa aliyerogwa mlimletea mpaka siagi.”

Aaltje alilia kwa hasira, na hafichi. Mpaka sasa hajui kama mama yule alikuja kwa toba au kwa mkate wa msibani. Wanawe tumewakubali. Tumewaweka mbele ya jeneza, tuwaone.

Marehemu ameacha mjane, Cornelia, binti, Hilligje, na dada yake, Aaltje. Jeneza bado lina nafasi nne za wabebaji. Tukishamfikisha, ndipo apumzike kwa amani.