Gitaa la Umeme Lisilochomekwa

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Taratibu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1952, mtoto wa nne wa fundi matofali na mshona mashuka. Nani alimpa jina hilo, wakubwa wanabishana mpaka leo.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1966, akajifunza ufundi wa mitambo. Mwaka 1972 aliajiriwa kwenye kinu cha kusaga nafaka, akadumu hapo hadi alipostaafu mwaka 2007. Mle kinuni watu walizungumza kwa mikono, maana mashine hazikuachia mtu nafasi ya kusikika. Nyumbani sauti ya redio yake ilikuwa chini mno hata watoto wakamuuliza, "Baba, hii redio inasema au inawaza?"

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na mkewe mpenzi, wakajaliwa watoto watatu.

Wiki aliyostaafu alitoka kwenda kununua bati za paa la jiko, akarudi na gitaa. Tena la umeme, la mtindo wa zamani, la kifahari hasa: tumbo tupu ndani kama mtungi, rangi ya chai iliyokolea, vitufe vya dhahabu, matundu mawili yaliyopinda kifuani. Mama alishika kiuno.

"Bati ziko wapi?"

"Hebu liguse kwanza."

Mama akaligusa, akalitafutia mahali pakavu. Jiko likaendelea kuvuja.

Kilichowachanganya watoto ni kwamba hakulichomeka hata siku moja. Kifungua mimba alimnunulia spika. Mzee akashukuru sana, akaitandika kitambaa na kuweka chungu cha maua juu yake.

"Sasa Baba, si ungenunua la kawaida?"

"La kawaida halina sauti hii."

"Sauti ipi?"

Akacheka tu. Majirani hawakuwahi kulisikia, na wapo walioapa kwamba hajui kulipiga. Tuseme ukweli, hata nyumbani wapo waliokuwa na mashaka.

Januari 2023 alianza kuugua mapafu. Alilazwa mwezi Mei, akafariki dunia alfajiri ya tarehe 2 Juni, mkewe akiwa amemshika mkono.

Vijana wa bendi ya mtaani walipanga kumuaga kwa gitaa lake. Leo asubuhi spika zilikuwa zimeshafungwa. Mama alipouona waya, akasimama mbele yao.

"Msilichomeke!"

"Sasa Mama, watu watasikiaje?"

Ndipo akasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Kila usiku walipopanda kitandani, Mzee aliegemeza gitaa kwenye ubao wa kitanda, akalipiga polepole, na sauti ikamfikia Mama mgongoni kupitia mbao. "Alikuwa ananilaza mimi. Tangu alazwe, sijapata usingizi. Nyie spika za nini?"

Jamani, lakini kwa nini liwe la umeme? Kwa nini la kifahari namna ile? Watoto wakamuuliza.

"Mimi nitajuaje? Si mkamuulize mwenyewe," Mama akasema. Kisha akakumbuka, akalia.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba na dada mmoja. Kitinda mimba atalipiga gitaa sasa, bila waya, akiliegemeza kwenye mgongo wa kiti cha Mama. Wengine hatutasikia kitu. Tunaomba tunyamaze hivyo hivyo mpaka amalize.

Mzee Taratibu, pumzika kwa amani. Na Mama leo alale.