Mwalimu Efrazia Aliyezuia Makofi

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mwalimu Efrazia Waisiko anastaafu baada ya miaka thelathini na mbili ya kufundisha hisabati. Alianzia Kenyamonta, akapita Mbalibali, akatufikia hapa Susuni miaka ile dhahabu ilipopamba moto na vijana wote wakawa mashimoni. Ili kuwarudisha, aliomba kompyuta mbili zenye programu ya kukokotoa kwa herufi zinazosimama badala ya namba. Unaiandikia kwamba hiki ni kikubwa kuliko kile, nayo inajibu kweli au si kweli. Wanafunzi walirudi, wengine na matope miguuni.

Wazazi hawakuridhika. Mwenyekiti wao, Mzee Wangwe, alitaka kompyuta ziuzwe, tujenge choo. Ukaitishwa mkutano, mashine ijitetee yenyewe.

Mwalimu akaandika: namba ikizidishwa kwa yenyewe haipungui. Mashine ikajibu: kweli. Makofi! Hata Mzee Wangwe alipiga. Mwalimu Efrazia akanyoosha mkono: "Ngojeni, jamani. Nusu mara nusu ni robo. Mbona imepungua?"

Mzazi mmoja, Dullah fundi cherehani, akapaza sauti: "Mwalimu, mashine yako imeonja gongo?" Watu wakacheka mpaka machozi. Mzee Wangwe akasema, "Basi, ziuzwe." Sisi walimu wenzake tulikuwa tunamkonyeza Efrazia anyamaze. Wapi!

Akaeleza taratibu: asubuhi darasani aliiambia mashine kuwa herufi inayosimama badala ya namba hiyo ni namba nzima tu, akasahau kuifuta kauli hiyo. Kwa namba nzima, jibu lilikuwa sahihi. Akaifuta, akaiambia kuwa sasa hata nusu na robo zimo, akauliza upya. Ikajibu: si kweli.

"Haisemi uongo, baba," akamwambia Mzee Wangwe. "Inaamini ulichoiambia. Ndiyo maana watoto wafundishwe kuiambia vizuri."

Mzee akawageukia wazazi. "Mwalimu angetaka kutudanganya, makofi tulishapiga, angenyamaza tu. Zibaki."

Choo tulikijenga baadaye, Mwalimu akisomba mawe pamoja nasi.

Sisi wenye watoto wachanga tunaujua mgongo wake: alimbeba mtoto wako akaingia naye darasani, wala hakumrudisha mpaka umemaliza kusahihisha, na ubishi hakutaka.

Sasa neno kwetu tunaobaki: asipigiwe simu kila mashine ikigoma. Tumeshafundishwa. Mwacheni mama wa watu apumzike.

Asante sana, Mwalimu. Nenda salama, ukale ugali wako ungali moto, na shikamoo zetu zikufuate njia nzima.