Dainamo ya Mzee Omoding

Alfajiri, Fridah alipanda nyuma ya baiskeli ya mzee Omoding, aliyekuwa akibeba abiria, kwenda shule ya Adungosi kufundisha somo la sayansi la majaribio. Likienda vibaya, kazi ingempita, na bado hakujua aanzie wapi. Taa, iliyowashwa na dainamo iliyozungushwa na gurudumu, iliwamulikia njia.

"Mzee, ndani ya dainamo nini kinazunguka?"

"Sumaku, mwalimu. Waya imekaa tu. Nimeifungua mara mingi."

"Na kama wewe ni sisimizi umekaa juu ya sumaku?"

Mzee alinyonga pedali akiwaza. "Ningeona waya ndiyo inanizunguka."

"Sasa nani mwongo, wewe ama sisimizi?"

"Hakuna! Na taa ni hiyo moja, inatuwakia sisi wote! Ai, mwalimu!" Kwa mshangao akasahau kunyonga. Baiskeli ikasimama, taa ikazimika.

"Nyonga, mzee," Fridah akacheka. "Watoto wanangoja hilo swali."