Saa Sita Nimemaliza

Muuguzi alipanda basi akiwa na hamu ya usingizi tu, lakini waliokaa mbele yake hawakumpa nafasi. Mmoja alikuwa fundi cherehani, miwani ya kuogelea ikimning'inia shingoni kama mkufu. Mwenzake alikuwa mzee aliyepakata gurudumu la baiskeli. Hawakujuana, ila wote walikuwa wanakwenda kujiandikisha kwenye mashindano yale yale: kuogelea, kuendesha baiskeli, kisha kukimbia.

"Tunaanza saa kumi na mbili asubuhi," fundi alisema. "Saa sita mchana nimemaliza."

"Umepigaje hesabu, binti yangu?"

"Jumatatu niliogelea, Jumatano nikaendesha baiskeli, Jumamosi nikakimbia. Nikajumlisha."

Mzee alicheka mpaka gurudumu likazunguka. "Kwa hiyo siku hiyo utalala katikati? Miguu ya kukimbilia ni ile ile utakayokuwa umeichosha kwenye baiskeli! Sema saa nane, tena ukijitahidi."

"Saa nane, baba? Mama mkwe anakuja kunipokea. Nimemwapia saa sita!"

Usingizi ulishamruka muuguzi. Mbio aliziona nafuu; mama mkwe ndiye mlima.

Fundi akapiga simu. "Shikamoo mama. Ile saa sita..."

"Mwanangu," ilijibu sauti iliyofika mpaka kwa dereva, "mimi nilishapanga kuja saa kumi. Nguo zangu unaniahidi Ijumaa, nazipata Jumanne!"

Basi zima likaangua kicheko, kisha likasimama kituoni. Fundi alishuka na mzee, akicheka kuliko wote na bado akibishana: "Saa saba na nusu, baba! Saa saba na nusu, naapa!"